Dereva wa Langilangi

Meli ilipoingia kwenye mkondo wa Nungwi, abiria wa juu walijilaza mmoja mmoja, mawimbi yamewalevya. Mzee Hamdan Jecha hakuwa pamoja nao. Alikuwa chini, kwenye sitaha ya magari, amesimama kati ya Fuso lake na lori la saruji, mkono mmoja ameuweka juu ya mnyororo uliofunga gurudumu la mbele. Kila meli ilipoinama, aliubonyeza mnyororo kwa kiganja kuona kama umelegea. Baharia mmoja kijana alimwambia apande juu, hapa chini haparuhusiwi abiria.

"Mie si abiria," Mzee Hamdan alimjibu. "Mie dereva."

Baharia aliona hapana faida ya kubishana na mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na uso wa namna ile. Akamwacha.

Kwenye bodi ya Fuso, chini ya turubai, mlikuwa na mali yote ya kikundi cha taarabu cha Langilangi. Palikuwa na vyuma na mbao za jukwaa, spika ndefu kuliko mtu, taa, nyaya, jenereta, kinanda cha umeme, na masanduku ya fidla, ganuni, udi na dumbaki yaliyozungushiwa mablanketi. Mzee Hamdan ndiye aliyepanga kila kitu kwa mkono wake. Gari hilo alikuwa amelipeleka Tanga, Lindi, Songea, Dodoma, mpaka Kigoma, na popote alipofika, fidla ilitoka sandukuni na nyuzi zake zilezile ilizoingia nazo. Pemba, kisiwa alichozaliwa, hakuwahi kulileta hata mara moja. Hii ndiyo ilikuwa safari ya kwanza.

Mkoani walifika maji yamekupwa. Meli ilikuwa imeshuka chini ya gati, na mlango wake umekaa kama mgongo wa kilima, kila gari lilitakiwa kuupanda. Lori la saruji lilizungusha magurudumu bure mara mbili, likarudi nyuma, watu wakatawanyika. Zamu yake ilipofika, Mzee Hamdan alisema bismillahi, akatia gia ya kwanza na kulipandisha Fuso taratibu, bila kuongeza mafuta wala kupunguza, mpaka magurudumu yote yakakanyaga saruji ya gati. Wachukuzi walikuwa wamesimama wakitazama. Mmoja wao, mtu mzima aitwaye Ame, alisogea akasoma jina la Langilangi mlangoni, kisha akainua macho kwa dereva.

"Kumbe Hamdan? Hamdan wa karafuu?"

"Ndiye mie."

Walipeana mikono kupitia dirishani. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mzee Hamdan alikuwa akishusha magunia ya karafuu kutoka kijijini kwake Ole hadi ghala la Mkoani, na Ame alikuwa miongoni mwa waliomshushia.

"Na sasa wachukua nini, yakhe?"

"Nachukua taarabu."

Ame alicheka. "Taarabu nayo yachukuliwa kwa lori?"

"Ya mwanangu, yachukuliwa," alisema Mzee Hamdan, akatia gia, akaanza kupanda kilima cha Mkoani.

Mwanawe alikuwa ameketi pembeni yake, buibui imemfunika mpaka vidoleni, uso bado una rangi ya mkondo wa Nungwi. Jina lake Shadya. Alipomsikia baba yake akisema vile alitazama nje ya dirisha lake ili asionekane akitabasamu.

Shadya alianza kuimba kasida kwenye chuo cha Kurani, Ole, akiwa mdogo. Alipokuwa msichana mkubwa akawa anaitwa kwenye harusi, akiimba ndani, wanawake watupu, na wanaume walio nje barazani wakisimamisha mazungumzo yao kusikiliza bila kukiri kwamba wanasikiliza. Ndipo Nassor, kiongozi wa Langilangi, alipotoka Unguja akaja kumwomba. Alikuja kwa adabu, na mkewe, na sahani ya halua. Mzee Hamdan alisema atazungumza na watu wake.

Watu wake walikuwa hasa mtu mmoja, kaka yake Yussuf, aliyekuwa akikaa Gando kwa mkewe na kulima huko. Yussuf alikuja Ole, akakaa kitako sebuleni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache.

"Mtoto wetu hasimami mbele ya watu wasiomjua. Kama ni kuimba, aimbe nyumbani."

Shadya alikuwa mlangoni. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema, "Baba, naomba ruhusa," kwa sauti ileile ambayo wenzake huombea ruhusa ya kwenda kusoma Unguja. Mama yake, Bi Asya, alikuwa ameketi pembeni ya mlango, mkono juu ya goti lake bovu, akamtazama mumewe, na Mzee Hamdan alilijua jicho lile.

"Atakwenda," alisema mwishowe. "Na gari ya kumpeleka ntaiendesha mie."

Yussuf alivaa viatu vyake akaondoka, na kahawa yake ikabaki kikombeni. Tangu siku ile ndugu hao wakawa wanakutana misibani tu, wakisalimiana kama watu waliotambulishana jana. Yakafika masikioni mwa Mzee Hamdan maneno kwamba kaka yake amesema, "Wengine huwafungia mabinti mlango, huyu wetu anamfungulia gari."

Mzee Hamdan hakuwa na hoja kubwa. Alijua kitu kimoja, barabara. Kama mtoto anakwenda mbali, basi aende na mtu anayejua breki za gari zimekaguliwa lini, na dereva amelala kiasi gani. Nassor alimkubali kwa shingo upande, akidhani amepata mzee wa kumsumbua. Haukupita muda akawa hakubali safari yoyote bila yeye.

Lakini palikuwa na jambo ambalo watu wote wa Langilangi walilijua na hawakulizungumza. Mzee Hamdan hakuwahi kumwona mwanawe akiimba jukwaani. Akifika, alisimamia ushushaji mpaka sanduku la mwisho. Kisha alilihamisha gari, akaliegesha mgongo wake ukielekea jukwaa, akaswali, akaenda kutafuta chai. Wapigaji walidhani hataki, anavumilia tu kwa ajili ya mtoto. Haikuwa hivyo. Safari yao ya kwanza, Tanga, alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi, anangoja. Shadya alipotokea, mwanamume mmoja mbele yake alimwambia mwenzake neno kuhusu yule binti, neno la kawaida ambalo wanaume husema juu ya mwanamke wasiyemjua. Mzee Hamdan hakugombana. Alirudi garini, akafunga kioo. Tangu hapo alijiambia kwamba kazi yake ni njia, na jukwaa lina wenyewe.

Shadya hakumuuliza. Badala yake alifanya mazoezi garini. Katika barabara ndefu za bara, wenzake wakiwa mbele kwenye basi dogo, yeye alikaa kiti cha mbele cha Fuso na kuimba, beti kwa beti, akirudia, na baba yake akiendesha macho mbele. Mara mojamoja alimsahihisha.

"Hapo pumzi yakuisha," alimwambia siku moja wakipanda milima ya Lushoto.

"Naona, baba. Sijui kwa nini."

"Wangoja mpaka kilima kikubane ndipo ubadilishe gia. Badilisha kabla hujafika kilimani."

Shadya aliimba tena, akavuta pumzi mapema zaidi, na sauti ikapita juu bila kukatika. Wimbo ule ndio uliokuja kulijulisha jina lake.

Onyesho la kwanza Pemba lilikuwa Chake Chake, na lilijaa. Mzee Hamdan alikuwa mkahawani, mbali kidogo, na kikombe cha chai ya tangawizi. Watu walipoanza kurudi wakizungumza, alisikia mmoja akisema, "Yule mtoto wa Ole." Mwingine akasema, "Wa Ole ndiyo, mtoto wa Hamdan, yule aliyekuwa akiendesha lori la karafuu." Mwenye mkahawa alimtazama mteja wake, akatazama Fuso lililoegeshwa nje, akakataa kupokea malipo ya chai. Mzee Hamdan alimshukuru akatoka upesi, kwani aliogopa uso wake ungemfichua.

Baada ya Chake ilikuwa zamu ya Wete, lakini katikati Shadya alikuwa ameomba onyesho moja zaidi. Alitaka kuimba Gando.

"Gando pana nini?" aliuliza Nassor. "Pana uwanja wa mpira na skuli."

"Pana ami yangu Yussuf," alisema Shadya. "Nikifika Wete nisiimbe Gando, atasema nimempita mlangoni bila hodi."

Nassor alimtazama Mzee Hamdan. Mzee Hamdan alitazama gurudumu la gari. Hakusema ndiyo wala hapana, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema hapana upesi, ikahesabiwa ndiyo. Sheha wa Gando alitoa ruhusa. Onyesho liwe alasiri, wanawake na watoto wakae mbele, wanaume nyuma.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Radi ilipiga mahali fulani upande wa Wete, umeme ukakatika kote. Basi dogo la wapigaji lilifika Gando mapema, lakini Fuso, kwa uzito wake, lilikwenda polepole, na lilipofika kwenye kijinjia cha kushukia uwanjani, udongo mwekundu ulikuwa umekuwa utelezi. Mzee Hamdan alishuka akakitembea kwa miguu, akakipima, akarudi garini. Alimteremsha Shadya kwanza.

"Mwanangu, wewe tembea."

Nusu ya mteremko ilikwenda vizuri. Kisha ukingo wa kushoto, ambao maji yalikuwa yameula kwa chini, ulimomonyoka. Gari likainama pole, kama mtu anayelala, gurudumu la nyuma likaingia mtaroni. Turubai lililokuwa limebeba maji ya mvua lilifunuka na kumwaga yote kwa mpigo mmoja juu ya jenereta.

Mzee Hamdan alizima injini. Alibaki ameshika usukani. Kijiji cha kaka yake kilikuwa pale chini, wanawake wamejaa chini ya mapaa ya skuli na kanga zao za kutokea, na wote walikuwa wakitazama gari lake limelala ubavu. Katika barabara zote alizopita, hakuwahi kulilaza gari. Alijihisi kama mtu aliyeanguka msikitini mbele ya safu.

Watu walikuwa wakija na majembe na makuti. Aliyekuwa mbele, suruali ameikunja mpaka magotini, alikuwa Yussuf.

Walitazamana. Hapakuwa na salamu ndefu.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu ssalaam."

Yussuf aliinama akatazama chini ya gari. "Lililokushika ni la kushoto nyuma."

"Naliona."

"Basi weye rudi garini. Sie tutachimba."

Walichimba, wakatandika makuti, wakaleta na vipande vya mnazi uliokatwa. Yussuf ndiye aliyekuwa akitoa amri. Kila alipopiga ubavu wa gari kwa kiganja, Mzee Hamdan aliongeza mafuta. Kila alipopiga mara mbili, aliacha. Hawakuwahi kufanya kazi hivyo tangu walipokuwa vijana wakimchumia baba yao karafuu, mmoja juu ya mti na mwingine chini, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Gari lilitingishika, likakataa, likatingishika tena. Mwishowe lilitoka mtaroni kwa mguno mrefu, likateremka uwanjani salama, na watoto wakalikimbilia.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Waliswali magharibi palepale kwenye majani mabichi, Yussuf akiwaongoza. Mvua ilikuwa imekatika.

Kisha fundi alijaribu kuwasha jenereta. Lilikohoa, likanyamaza. Alilifungua, akatia kidole ndani, kidole kikatoka na maji. Akatikisa kichwa. Umeme wa kijiji ulikuwa bado haujarudi.

Nassor aliwaita watu wake pembeni. "Tuwaombe radhi, twende zetu Wete. Hatuna sauti, hatuna taa. Tutakuja siku nyingine, inshallah."

Shadya alitazama upande wa skuli. "Kaka Nassor, pale pana wanawake wamekaa tangu alasiri. Yule wa mwisho ana mtoto mchanga. Mimi nitaimba kwa fidla, udi na dumbaki. Bibi zetu walikuwa na jenereta?"

"Sauti yako itafika, nakubali. Na kukuona je? Giza hili."

"Taa ninazo mie," alisema Mzee Hamdan.

Wote walimgeukia. Hakuwa mtu wa kutia neno katika mambo ya jukwaa.

Aliwasha Fuso, akalizungusha uwanja mzima kwa mwendo wa mtu, watu wakipisha, akalileta mpaka mbele ya mahali walipokuwa wakifunga mbao za jukwaa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile aliliegesha gari uso wake ukielekea jukwaa. Aliwasha taa za mbele kwa mwanga wa juu, akaona Shadya amefunika macho kwa mkono, akashusha. Mwanga ukatua miguuni kwake na kumpanda mpaka usoni, wa manjano, mlaini. Wanawake walitoka chini ya mapaa wakaja kuketi pande zote mbili za gari, kwenye mikeka na mbao.

Fidla ilianza. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Injini ya Fuso ikinguruma, fidla haisikiki. Shadya alifungua kinywa, wa mbele wakainama kusikia, wa nyuma wakaanza kulalamika. Mzee Hamdan alizima injini. Kimya kikashuka, na sauti ya mwanawe ikaufikia ukingo wa uwanja. Lakini taa sasa zilikuwa zikila betri peke yake, na betri zile hazikuwa mpya. Injini ikizimwa onyesho zima, zitakufa katikati, na gari halitawaka tena.

Akaona la kufanya. Wakati wimbo unaimbwa, injini izimwe. Wimbo ukiisha, watu wakipiga vigelegele na wapigaji wakikaza nyuzi, iwashwe ili betri zipate chaji kidogo, kisha izimwe kabla ya wimbo unaofuata. Ilibidi awepo mtu kwenye ufunguo, anayejua kila wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi, asije akawasha gari katikati ya ubeti. Hapakuwa na mwingine wa kazi hiyo. Akakaa, mkono kwenye ufunguo, na macho yake, hata kama angetaka kuyapeleka pengine, hayakuwa na pengine pa kwenda.

Wimbo wa kwanza ulipita. Aliwasha, akazima. Wa pili ulipoanza, mlango wa upande wa pili ulifunguliwa.

"Pana mtu hapa?" Ilikuwa sauti ya Yussuf.

"Panda."

Yussuf alifuta matope miguuni, akapanda, akafunga mlango bila kishindo. Alinuka udongo na jasho. Walikaa ndugu wawili bega kwa bega, kioo mbele yao, na ng'ambo ya kioo mtoto wao katika mwanga.

Mzee Hamdan aliona mambo aliyokuwa hayajui. Nyimbo alizijua zote, lakini hakujua kwamba mwanawe akiimba huweka mkono wa kushoto kifuani na wa kulia huuacha ukining'inia wazi, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Hakujua kwamba huwatazama watu mmoja mmoja, kwa zamu, na kwamba anayetazamwa hujiweka sawa kitako. Aliona mwanamke mwenye mtoto mchanga akisahau kumtikisa mtoto, na mtoto naye ametulia. Aliona wanaume waliosimama nyuma wamevua kofia, au wamezishika, hakuwa na hakika. Alizikagua nyuso zao, akitafuta yule mtu wa Tanga. Hakumwona. Aliona watu wanasikiliza.

Shadya alikuwa amefika kwenye wimbo wake mkubwa, na safari hii aliuimba polepole, dumbaki ikimfuata kwa mbali:

*Sikutoka kukimbia, niliaga mlangoni,*
*Na baba akaridhia, radhi yake i moyoni,*
*Wasemao nasikia, majibu yapo njiani,*
*Atakaye kunijia, anikute uwanjani.*

Yussuf alijisogeza kitini. "Hayo maneno nani kampa?"

"Katunga mwenyewe. Katika barabara ya Songea. Neno la mwisho lilimsumbua siku nzima."

"Maneno ya kwambiwa watu hayo."

"Mengine ya kwambiwa weye."

Yussuf hakukasirika. Alitazama mbele. Kisha alisema, "N'likuwa nikidhani ni kuruka-ruka tu. Watu kucheka na kupiga kelele."

"Hata mie sikuwa najua."

"Vipi hujui weye, na waona kila siku?"

"Sijaona hata siku moja," alisema Mzee Hamdan. "Ndiyo leo."

Yussuf aligeuka akamtazama mdogo wake, ubavu wa uso wake ukipata mwanga kidogo wa dashibodi. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Nashusha vyombo, nakwenda kunywa chai."

Yussuf alianza kucheka, kicheko cha chini cha tumboni, akakizuia kwa mkono ili kisiharibu wimbo. "Basi yakhe," alisema, "nami n'lidhani nimechelewa peke yangu."

"Ngoja kidogo," alisema Mzee Hamdan, mkono umeshaushika ufunguo. "Huu ubeti wa mwisho." Sauti ikapanda, ikakaa juu, ikashuka. Vigelegele vikalipuka, naye akawasha gari papo hapo.

Wanawake walikuwa wakienda mbele kumtunza, wakimbandika vikuba vya maua ya asumini begani na kwenye mtandio. Shadya alipokea, akashukuru, kisha akainua mkono watu watulie. Injini ilikuwa bado inanguruma, kwa hiyo alisubiri, akitazama kwenye taa, na Mzee Hamdan akafahamu, akazima.

"Nina ami yangu hapa Gando," alisema Shadya. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. "Leo amelitoa gari letu mtaroni kwa jembe lake. Na taa hizi mnazonionea ni za baba yangu. Yeye ndiye dereva wa Langilangi. Popote nilipoimba, amenifikisha yeye, na amenirudisha yeye. Sijawahi kuchelewa na sijawahi kupotea."

Watu waligeuka kutazama gari. Kutoka nje hawakuweza kumwona mtu yeyote, mwanga ulikuwa ukiwapiga machoni; lakini walipiga vigelegele wakiuelekea mwanga huo, wanawake wote wa Gando kwa pamoja, vikaingia garini kupitia madirisha kama upepo. Mzee Hamdan hakujua afanye nini. Katika mambo ya jukwaani watu huinama au hupunga mkono, na yeye alikuwa gizani, nyuma ya usukani. Yussuf alimpiga kiwiko.

"Wajibu watu. Wanakupa heshima."

Alinyoosha kidole, akazima taa na kuziwasha, mara mbili, jinsi madereva wanavyosalimiana barabarani. Uwanja mzima ukacheka na kushangilia. Alikuwa akitokwa na machozi, na kaka yake, kwa ustaarabu, alikuwa akitazama upande wa skuli.

Onyesho lilikuwa fupi, likamalizika kabla ya muadhini kuadhini isha. Yussuf hakuruhusu mtu aondoke Gando. Wapigaji walilala kwenye nyumba za jirani, Shadya alilala kwa mke wa ami yake, na chakula kililetwa kutoka pande nyingi kiasi kwamba Nassor, ambaye alikuwa na hofu ya hasara, alisahau hofu yenyewe.

Asubuhi jua lilikuwa kali. Jenereta lilikuwa limeanikwa wazi, na fundi alipolijaribu likawaka kwa moshi mwingi. Walipakia. Yussuf alipanda kwenye bodi akasaidia kuzungushia mablanketi sanduku la fidla, akauliza kila kitu kinakaa wapi na kwa nini, na Mzee Hamdan alimweleza bila kuharakisha. Ilipofika wakati wa kuondoka, Yussuf alikuja na kofia safi na kanzu iliyopigwa pasi.

"Na weye waenda wapi?" Mzee Hamdan alimuuliza.

"Wete. Leo si anaimba Wete?"

Shadya aliwapisha kiti cha mbele akaenda kupanda basi dogo na wenzake. Mzee Hamdan alikuwa amekwisha kuweka mkono kwenye ufunguo simu yake ilipoita. Ilikuwa ni Bi Asya, kutoka Ole. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa watu watatu tofauti, kila mmoja na zake.

"Nimeambiwa gari lililala," alisema.

"Lililala, likaamka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi."

"Na nimeambiwa umemwona mtoto."

"Nimemwona."

"Haya, nieleze. Kafanyaje?"

Mbele, basi dogo lilikuwa limeshawasha injini. Nassor alitoa kichwa dirishani akapunga mkono kwamba muda unakwenda. Mzee Hamdan alimwona. Aliondoa mkono kwenye ufunguo, akaegemea kiti chake, akaihamishia simu kwenye sikio linalosikia vizuri zaidi.

"Kwanza alisimama," alisema. "Alisimama hivi, Asya, mkono mmoja kaweka kifuani. Ngoja nikwambie taratibu."